Bodi ya Mizani ya Nkoma

Jumamosi, 1 Machi 2025. Bariadi

Vidole vya mkono wangu wa kulia vimekuwa vya manjano. Mteja wa asubuhi aliniuliza kama nimekula mchuzi wa binzari nikasahau kunawa. Nikamwambia hapana, ni dawa ya kula shaba. Hakuelewa, lakini simu yake ilipona, akaenda zake.

Leo nimetengeneza bodi yangu ya kwanza mwenyewe. Miaka tisa nimekaa kwenye kibanda hiki karibu na stendi nikifungua bodi za watu wengine, redio, simu, sabufa, nikitoa kilichoungua na kuweka kizima. Sikuwahi kujiuliza nani alizichora. Aliyeniuliza ni Cyprian, yule fundi Mhaya anayetengeneza mashine za hospitali. "Fundi Eufrasia," alisema, "wewe unajua kusoma tu. Utaandika lini?" Maneno yalinichoma kwa sababu yalikuwa kweli, na tangu hapo ananifundisha kila Jumamosi saa kumi.

Tulichora njia za umeme kwenye kompyuta yake, tukachapa kwenye karatasi ya kalenda inayong'aa, tukaibandika juu ya kipande cha shaba kwa pasi ya mkaa. Wino ukahamia kwenye shaba. Kisha kwenye dawa: penye wino shaba inabaki, pasipo na wino inaliwa. Bodi yenyewe kazi yake ni kuwasha na kuzima taa moja nyekundu. Nimeiangalia nusu saa nzima na sijachoka.

Jumamosi, 8 Machi

Somo la kapasita, vile vikopo vidogo vinavyotunza umeme. Nilikuwa nimeziweka zote pembeni kwa mstari, zinapendeza. Cyprian akacheka mpaka akavua miwani. "Chipu ikipata kiu ghafla inataka maji hapohapo. Mtungi unawekwa jikoni au unaachwa kisimani?" Nimezihamisha zote karibu na chipu. Bado naona zilikuwa zinapendeza zaidi mwanzo.

Jumapili, 9 Machi. Nkoma

Nimekuja nyumbani. Mayu, mama yangu, alinimiminia uji pembeni ya kikombe. Hakuona. Mdogo wangu Paschal akaangalia mlangoni, mimi nikaangalia dari, na uji ukaenea mezani.

Ni presha ya macho. Daktari alishatuambia kwamba kilichopotea hakirudi, dawa ni ya kulinda kilichobaki.

Mayu Milembe ndiye mtaja kilo wa chama chetu cha pamba. Kwenye kituo chetu cha mauzo pamba haiandikwi kimya kimya. Gunia likipanda kwenye mizani, yeye anataja kilo kwa sauti inayofika barabarani, mwenye pamba anaitikia kilo zilezile, na hapo tu karani anaandika. Usipoitikia, kalamu haigusi karatasi. Wanachama waliwekeana hivyo zamani baada ya ugomvi mkubwa wa kilo, na mayu ametaja misimu kumi na minane. Msimu uliopita alikosea mara mbili, tatu akaiona nane.

Baada ya misa alikuja Novatus, katibu wa chama. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kuposa.

"Mayu, soko likifunguliwa nitakupa mizani kama siku zote. Ukitaja sawa magunia kumi ya kwanza, kazi ni yako. Ukikosea, nitamweka mwingine. Naomba usinichukie."

"Sitakuchukia, baba," mayu akajibu. "Nitakuombea tu kuku wako wote wawe majogoo."

Tulicheka, hata Novatus. Lakini alipoondoka mayu aliingia ndani akakaa kitandani na viatu vyake vya kanisani, hakuvivua mpaka jioni. Yeye hatamchukia Novatus, basi mimi nimemchukia kwa niaba yake.

Jumatatu, 10 Machi

Nitachora bodi ya mizani inayotaja kilo.

Jumamosi, 15 Machi

Cyprian alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Haraka haraka haina baraka."

"Ngoja ngoja yaumiza matumbo," nikamjibu.

Akavuta karatasi. Huyu mtu ana majivuno ya nchi yake, ukimwacha atakueleza ndizi za Bukoba mpaka kesho, lakini akivuta karatasi basi amekubali.

Mizani ya chama ina muhuri wa vipimo, haiguswi. Kwa hiyo yangu itakaa chini yake: ubao wenye vihisi vinne, mizani ya chama juu ya ubao, gunia juu ya vyote. Novatus ataendelea kukagua kioo cha mizani ya chama, na sanduku langu litataja kilo kwa spika. Sauti itakaa kwenye chipu ya kumbukumbu, nayo itazungumza na chipu kubwa kwa njia sita za umeme, kwa kasi kubwa.

Na hapo ndipo mambo yanapobadilika, anasema Cyprian. Kwenye taa yangu nyekundu umeme ulikuwa unatembea, ungeupitisha popote ungefika. Huu utakimbia. Njia sita lazima zilingane urefu ili zifike pamoja. Kona kali hapana. Na vihisi vya uzito vinatoa umeme mdogo mno, kelele kidogo tu ya umeme wa chipu nyingine inaufunika. "Ulinde," alisema. Nimeandika neno hilo nikalipigia mstari.

Jumatano, 19 Machi

Mvua kutwa. Wateja wawili, mmoja alikuja kujikinga tu.

Jumamosi, 22 Machi

Cyprian amekwenda Mwanza kwenye mafunzo, majuma mawili. Ameniachia kompyuta na agizo moja: nisitume mchoro kiwandani kabla hajauona.

Jumatano, 26 Machi

Nimemaliza mchoro. Bodi ina nyuso mbili. Juu zinapita njia, chini ni shaba tupu, ndiyo graundi, ambako umeme wote uliotoka unarudia.

Nimelinda vihisi kama nilivyoambiwa. Nyumbani tuna ngitili, malisho tunayoyafunga masika yote ng'ombe wasiyaguse mpaka kiangazi. Nami nimefanya hivyo hivyo: nimekata mfereji kwenye shaba ya chini, graundi ya vihisi upande wake peke yake, safi, ya chipu zenye kelele upande wake. Chipu ya kumbukumbu haikupata nafasi upande wa chipu kubwa kwa sababu ya kishikio cha betri. Ng'ambo ya mfereji kulikuwa na eneo la bure kabisa, nikaiweka huko, na njia zake sita nimezivusha juu ya mfereji, zimelingana urefu mpaka nywele.

Ni mchoro mzuri. Ningeufunga kwenye fremu.

Ijumaa, 28 Machi

Nimeutuma. Wakala wa mizigo anasema bodi zitachukua karibu mwezi, na soko linafunguliwa tarehe kumi Mei. Ningemsubiri Cyprian ningechelewa. Hiyo ndiyo sababu niliyoiandika hapa. Sababu ya pili ni kwamba nilitaka aione imeshakuja, inasema, akose la kusema.

Jumamosi, 5 Aprili

Cyprian amerudi. Nimemwambia nimetuma. Alisema, "Sawa, fundi," kwa sauti ya chini, na somo lilikuwa fupi. Hakuomba hata kuuona mchoro. Ningependa angegomba.

Jumapili, 13 Aprili. Nkoma

Siku ya matawi, na siku ya kurekodi. Nilimweka mayu ndani ya chandarua, nikamfunika blanketi mbili ili sauti ya nje isiingie, nikampa simu. Sifuri hadi tisa, makumi yote, mia, na, nukta.

"Mashine ikishataja," aliuliza kutoka ndani ya blanketi, "mimi nitakuwa nafanya nini?"

"Utakaa, mayu. Utapumzika."

"Aha," akasema.

Alipofika sitini jogoo akawika dirishani. Tulirudia mara tatu, na mara zote tatu jogoo alingoja sitini. Mayu akatoa kichwa nje ya blanketi, jasho linamtiririka, anacheka. "Mwache. Naye ni mwanachama." Nimeiacha hivyo.

Alhamisi, 24 Aprili

BODI ZIMEFIKA. Tano, kijani, zimefungwa kwenye karatasi ya mapovu. Nimezinusa. Nimefunga kibanda saa sita mchana, kitu ambacho sijafanya hata nilipougua malaria.

Ijumaa, 25 Aprili

Inaropoka.

Nimelehemu kila kitu, nimekagua kwa kioo cha kukuzia, hakuna kosa la mkono. Nikipunguza kasi ya chipu ya kumbukumbu, kilo zinasomeka vizuri na sauti inatoka, lakini inatoka kwa kukatakata, haieleweki. Nikiongeza kasi, sauti inakuwa laini sekunde mbili tatu halafu inachanganyikiwa: "arobaini na mia nukta na na na". Mbaya zaidi, inapokuwa inasema, kilo zenyewe zinarukaruka. Niliweka tofali moja. Likawa kilo tatu, kilo tisa, kilo sifuri.

Nimebadilisha chipu. Nimejenga bodi ya pili. Ni vilevile. Siku kumi na tano zimebaki, na bodi nyingine kutoka kiwandani haziwezi kufika.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikwenda kwa Cyprian. Nilisema ninaumwa kichwa. Kichwa kweli kilikuwa kinauma, lakini sicho kilichonizuia. Niliona aibu.

Jumanne, 29 Aprili. Nkoma

Nimeitwa nyumbani, kumeharibika.

Lazima niandike tangu mwanzo, kwa sababu mwanzo ni mimi. Ng'ombe wetu walikuwa na njia yao tangu enzi za marehemu baba, kutoka zizini moja kwa moja hadi malishoni, wanaendea hiyo na kurudia hiyo. Mwezi wa Novemba nilimwambia Paschal, "Hii ni ardhi ya bure imelala. Lima, panda pamba." Alibisha. Nikamwita mvivu. Akalima, akafunga kwa miiba, na masika yote amekuwa akiwaongoza ng'ombe kwa kuzunguka, mbali, asubuhi na jioni. Mimi mjini nikijisifu kwamba nimeongeza eneo.

Jana jioni radi ilipiga karibu na malisho. Ng'ombe wakashtuka, wakamtoka Paschal, wakakimbia nyumbani. Wakaja mpaka penye njia yao, wakakuta miiba. Hawakusimama. Waliufuata ukingo wa miiba mpaka ulipoishia, wakageuka, na huko unakoishia ni shamba la jirani yetu mzee Salvatory, pamba imeshapasuka nyeupe. Waliingia wote thelathini na moja.

Nilikwenda na Paschal kumsalimia na kuomba radhi. Nilipiga goti kabla hajajibu salamu.

"Ng'ombe hawana kosa," mzee akasema. "Ukiwaongoza polepole watazunguka popote unapotaka. Wakikimbia, wanarudi kwa njia waliyoendea. Umeifunga, basi wanarudi kupitia kwangu."

Tumekubaliana kwamba familia yetu itamsaidia kuvuna siku tatu. Na Paschal leo hii ameng'oa mistari ya pamba aliyoipanda mwenyewe, kufungua njia. Yeye aling'oa upande mmoja, mimi nikang'oa upande wa pili. Ningemwita mvivu tena ningestahili kofi. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Dada, ng'oa, kuna giza linakuja."

Nilikuwa nimeshika shina la pamba mkononi nilipokumbuka mfereji wangu.

Jumatano, 30 Aprili

Nimekwenda hospitali asubuhi kabla Cyprian hajaanza kazi, nikamwekea mchoro mezani, nikamwekea na bodi. "Nisamehe, fundi. Nimefunga njia ya ng'ombe."

Ilibidi nimweleze habari ya ng'ombe wote thelathini na moja. Alisikiliza kwa makini, kisha akapitisha kidole juu ya njia zangu sita mpaka penye mfereji, akasimama hapo. Umeme unaokwenda kwa njia ya juu, alisema, unarudi kwenye graundi ya chini. Ukiwa wa polepole unarudi kokote. Ukiwa wa kasi unataka kurudi chini kabisa ya njia iliyoupeleka. Akikuta mfereji, huyo ng'ombe (alisema ng'ombe, Mhaya huyu!) anazunguka mpaka mwisho wa mfereji, na kwenye bodi yako mwisho wa mfereji ni wapi?

Ni kwenye vihisi. Nilivifungia vihisi ngitili, halafu nikaupitisha mkimbio wote katikati yake.

"Nilisema ulinde," akasema. "Sikukuambia kwa namna gani. Hilo ni kosa langu."

Sikutegemea. Nilijiandaa kwa majivuno, nikapewa hilo. Kwa vihisi, anasema, inatosha kuvikalisha mbali na chipu zenye kelele, graundi ibaki moja isiyokatwa. Nilimuuliza kama inawezekana kuokoa hizi nilizonazo. Akageuza bodi, akaitazama. "Kwa mchoro, hapana. Kwa mkono, wewe ndiye fundi."

Ijumaa, 2 Mei

Nimekwangua rangi ya kijani kwa wembe pande zote mbili za mfereji, shaba ikang'aa. Nimechana waya wa spika ya zamani, nikasuka nyuzi zake ziwe bapa kama mkeka, nikazilehemu kuvuka mfereji, hapo hapo chini ya njia sita. Miaka tisa ya kufungua sabufa za watu ilikuwa na kazi yake.

Nimewasha kwa kasi yote. Tofali: "Tatu, nukta, mbili." Tena: "Tatu, nukta, mbili." Mara ishirini. Nimelia kidogo, nikafuta macho kwa mkono wenye lehemu, nikalia vizuri zaidi.

Jumatatu, 5 Mei

Tumevuna kwa mzee Salvatory. Mgongo wangu wa mjini umeaibika.

Jumatano, 7 Mei

Siku ya tatu kwa mzee. Tumemaliza. Ametupa viazi.

Jumamosi, 10 Mei. Nkoma

Saa moja asubuhi nilikuwa kituoni na ubao na sanduku. Novatus, ambaye mayu alishamweleza habari ya sanduku, alikuwa ametangulia. Alikuwa ameshafagia mahali pa kuweka ubao na kuleta meza ya nyumbani kwake ya kuwekea sanduku. Nilimkuta amepiga magoti anasawazisha ardhi kwa jembe. Nimemchukia huyu mtu miezi miwili, na yeye alikuwa anatutafutia mahali palipo sawa.

Mayu alikaa kwenye kiti chake, kanga mpya, mikono mapajani. Foleni ilifika barabarani.

Gunia la kwanza. Sanduku likasema kwa sauti ya mayu, kubwa na safi: "Arobaini, na, mbili, nukta, tano." Novatus akaangalia kioo cha chama, akatikisa kichwa kukubali. Nikatabasamu. Karani akashika kalamu, akangoja.

Mwenye pamba hakuitikia. Aliliangalia sanduku, akamwangalia mayu, akaliangalia tena sanduku.

"Itikia, baba," karani akasema.

"Nimwitikie nani?"

Sanduku likarudia kutaja, bure. Mwenye gunia la pili naye alikataa, kwamba yeye haitikii redio. Nyuma watu wakaanza kunung'unika, mmoja akasema turudi kwenye ugomvi wa zamani basi. Sanduku langu lilikuwa linataja sawa, njia zote sita zinakimbia vizuri, na hakuna kilo hata moja iliyoandikwa. Nilisimama pale nimeshika waya. Novatus alikuja karibu yangu akanong'ona, "Fundi, wameizoea sauti yenye mtu."

Hapo ndipo nilipomwangalia mayu, nadhani kwa mara ya kwanza tangu Machi. Alikuwa amekaa vilevile, anapumzika, kama nilivyomwahidi. Uso wake ulikuwa ule wa siku ya viatu vya kanisani.

Kosa moja nimelifanya mara tatu msimu huu: nimefunga njia ya ng'ombe, njia ya umeme, na sasa ya mayu.

Nilichomoa spika kubwa. Nikatoa spika ya sikio kwenye simu yangu, nikakata waya, nikaunganisha kwenye sanduku, nikamwekea mayu sikioni chini ya kilemba. Dakika kumi. Watu walingoja, maana fundi akifanya kazi watu wa kwetu wanapenda kutazama.

Gunia la kwanza likapanda tena. Mayu aliinamisha kichwa, akajisikiliza mwenyewe akijinong'oneza, kisha akasimama. Hakuwa amesimama asubuhi yote.

"AROBAINI NA MBILI NUKTA TANO!"

"Arobaini na mbili nukta tano!" mwenye pamba akaitikia. "Wabeja, mayu!" akamshukuru.

Kalamu ikagusa karatasi.

Magunia kumi, sawa yote. Novatus hakuyahesabu kwa sauti, alifunga tu daftari lake la ukaguzi baada ya la kumi akaenda kusaidia kushusha magunia. Gunia la kumi na nne mayu alianza kutaja, akakatika, akashika tumbo, anacheka mpaka machozi, foleni nzima haijui kuna nini. Mimi nilijua. Nilikwenda kusoma kioo kuhakikisha.

Sitini na moja.

Jumamosi, 14 Juni. Bariadi

Nimemwonyesha Cyprian mchoro mpya kabla ya kutuma. Graundi moja, haijakatwa popote, vihisi vimekaa kona yao ya mbali, na kila njia ya kwenda ina pa kurudia. Amekagua saa nzima, akanywa chai yangu yote, akasema hana la kusema. Kisha akalisema: kituo kimoja cha pamba huko Sola kimesikia, kinataka sanduku kama lile, na mtaja kilo wao macho yake ni mazima kabisa, anataka tu na yeye awe na kitu sikioni.

Nikamuuliza ni sauti ya nani tuwawekee.

"Wanataka ya mayu," akasema. "Na jogoo pia."